Nilivyotoa floraidi kwenye maji ya kunywa: presha kwanza, membreni baadaye

Kisima chetu huku Arumeru, chini ya Mlima Meru, kinatoa maji maangavu yasiyo na harufu yoyote, na maabara ilikuta floraidi miligramu 6 kwa lita. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Karibu kila niliyemweleza alinijibu neno moja: chemsha. Ushauri huu unaniudhi kwa sababu unaumiza watoto. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Inabaki sufuriani, na maji yakipungua inazidi kukolea. Klorini haiiondoi, wala chujio la kawaida la ndoo. Meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi mpaka mtoto afike kama miaka minane. Yakitoka na madoa ya kahawia, hakuna mswaki wa kuyatoa.

Chujio la mkaa wa mifupa ya wanyama linafanya kazi, ila mkaa ukishajaa floraidi haukuonyeshi dalili yoyote. Ndiyo maana nikachagua mtambo wa RO (osmosisi ya kinyume: presha inasukuma maji yapenye membreni, utando mwembamba unaozuia chumvi na floraidi) wa hatua tano, ule unaokaa chini ya sinki: chujio la tope la mikroni 5, mawili ya kaboni, membreni ya galoni 75 kwa siku, na kaboni ya mwisho. Bei yake ni laki kadhaa, inategemea duka na uhodari wako wa kupatana.

Fundi wa kwanza aliuunganisha moja kwa moja na tangi lililo juu ya mnara wa mita 6. Koki ikatoa matone. Akasema membreni ni mbovu, tukaweka nyingine, matone yakawa yale yale. Akashauri tuinue mnara. Hapo nilikataa, kwa sababu hesabu yake haidanganyi: kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya baa 1 tu. Mita 6 ni baa 0.6, na membreni ya nyumbani inataka baa 3 hadi 4 ili maji yapenye. Mnara wa kutosha ungekuwa mrefu kuliko jengo la ghorofa tisa. Dawa yake ni pampu ndogo ya volti 24 kabla ya membreni, yenye swichi ya kuizima tangi likikauka, maana pampu ikizunguka bila maji inaungua. Wanaopata maji ya mamlaka yenye presha ya kutosha hawaihitaji. Funga geji ya presha kabla ya kumlaumu mtu au kifaa.

Pampu ilipowaka, maji masafi bado yalikuwa machache na mrija wa maji taka, yaani yale yanayokataliwa na membreni, ulikuwa unamwagika kama bomba la mvua. Hapa ndipo jagi yenye vipimo na saa vilipofanya kazi kuliko fundi yeyote. Chomoa mirija yote miwili, kinga kila mmoja kwa dakika moja. Membreni ya galoni 75 ikiwa sawa inatoa kama mililita 190 za maji masafi, na maji taka yawe kama mara tatu ya hapo. Kwangu maji taka yalizidi mara kumi: kizuizi cha mtiririko, kile kidude chembamba kwenye mrija wa taka, hakikuwekwa kabisa, kwa hiyo presha ilikuwa inatorokea huko. Ukikuta kinyume chake, taka kidogo mno, kizuizi kimeziba na membreni itakufa kwa chumvi. Julai, Arusha ikiwa baridi, usishtuke maji yakipungua. Kipimo cha membreni kinatolewa kwa nyuzi 25.

Kipima TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) ni kizuri kwa kuona membreni ikichoka, lakini hakipimi floraidi. Peleka sampuli ya maji yaliyochujwa maabara. Membreni nzima inapunguza karibu asilimia 90, yaani 6 inashuka hadi kama 0.6. Mwaga matangi mawili ya kwanza ya maji yaliyochujwa, na asubuhi acha koki itiririke kidogo kabla ya kujaza birika. Chujio la tope na kaboni badilisha kila baada ya miezi sita, mapema zaidi tope likiwa jingi. Ukitia klorini kwenye tangi la juu, kaboni iwe nzima, kwani klorini inakula membreni.

Maji haya pikia pia, siyo kunywa tu. Na magadi ya kulainishia makande yaache: nayo yana floraidi, tena nyingi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha.

Maji taka ya mtambo yana floraidi karibu 8. Yanafaa chooni na kudekia. Ng'ombe na watoto wasiyanywe, kwa hiyo ndoo yake iwe na rangi tofauti na ikae mbali na jiko.