Inchi 8.7 au 11? Nilivyochagua tableti Kampala kwa mshahara wa mwalimu

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Kampala. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze 2020, vitu vingi vya kufundishia napata kwa PDF, na kwenye simu ni kukuza ukurasa na kuuvuta kushoto kulia mpaka macho yanauma, basi nikaanza kuweka pesa ya tableti kidogo kidogo.

Kabla sijauliza bei popote nilichukua rula. Inchi za kioo wanapima kona mpaka kona, kwa hiyo 8.7 na 11 ukizisikia unaona ziko karibu karibu, lakini eneo lenyewe la kioo kwenye ile ya 11 linazidi kwa zaidi ya nusu! Nikachora vioo vyote viwili kwenye karatasi, nikavilaza juu ya ukurasa wa A4. Kwa 11 ukurasa mzima unatokea kama asilimia 70 ya saizi yake, yaani herufi za saizi 12 zinakuwa kama 8, bado unasoma. Kwa 8.7 unabaki nusu na kitu, hapo lazima ukuze tena. Kwangu mimi swali la saizi liliishia hapo hapo, ni 11.

Madukani ya Kampala Road na Wilson Road nilienda na PDF zangu kwenye memori kadi, kila tableti nawaomba wanifungulie ukurasa ule ule. Kuna moja ya inchi 10.1, bei ya chini kabisa, muuzaji ananiambia "mwalimu hii ina RAM 8", yaani GB 8 za memori ya kuendeshea programu, nikamwomba tuingie setingi, kumbe ni 4 halisi na 4 zimekopwa kwenye storeji, ile nafasi ya kuhifadhia mafaili. Kioo chake pikseli (vile vinukta vinavyochora picha) 1280 kwa 800 tu, na kwa ukubwa ule herufi ndogo zinaonekana zimechakaa. Ukubwa bila pikseli haukusaidii kusoma jamani.

Zikabaki Samsung mbili, Galaxy Tab A9 na A9+. A9 ni ya 8.7, pikseli 1340 kwa 800, betri mAh 5,100. A9+ ni ya 11, pikseli 1920 kwa 1200, betri mAh 7,040. Zote zinakubali memori kadi, ndio maana sikulipia storeji kubwa, 64GB ikatosha. iPad ya 10.9 ni nzuri sana siwezi kukataa, lakini haina pa kuweka kadi na bei yake ilikuwa inakula ada ya mtoto.

Tofauti ya A9 na A9+ niliambiwa ni shilingi laki tatu hivi za Uganda. Sehemu ya hiyo niliirudisha kwa kuacha ile ya kuweka laini ya simu nikachukua ya waifai tu, intaneti natumia hotspoti ya simu. Nikalipa A9+.

Dada yangu yeye nilimwambia achukue A9, anasoma hadithi akiwa kwenye taksi, gramu 332 anashika kwa mkono mmoja, yangu ni 480 na ukisimama nayo mkono unachoka.

Ukinunua hakikisha serial namba ya kwenye boksi ni ile ile ya kwenye setingi, na waiandike kwenye risiti kabla hujatoa pesa.