Shaba Ikishatoka, Kinachobaki ni cha Nani?

Kila mnunuzi wa skrepa anayefika ghalani kwetu Vingunguti huuliza jambo moja hata kabla salamu hazijakamilika: "Kaka, kopa ipo?" Kopa ni shaba, na katika biashara ya vyuma chakavu hapa Dar es Salaam shaba ndiyo inayoendesha kila kitu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina kioo cha televisheni au betri ya simu iliyovimba. Nimekuwa nikikusanya na kufungua vifaa chakavu vya umeme kwa miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo la kopa linaeleza karibu kila kinachokwenda vizuri na kila kinachokwenda vibaya katika taka za kielektroniki za jiji hili.

Wengi hudhani kwamba tunakosa wakusanyaji. Wakusanyaji tunao, tena hodari. Vijana wenye mikokoteni na maguta hupita Tandale, Manzese, Tabata na Mbagala kutwa nzima, wala hawaachi nyuma pasi mbovu, feni iliyoungua au mota ya friji. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki hata asilimia 1. Nikizisoma takwimu hizo huwakumbuka vijana wa guta, kwa maana jasho lao halimo katika hesabu ile. Kitu wanakifikisha mpaka kwenye mizani. Tunapopotea njia ni pale kitu kinapopimwa, kikavunjwa, na kila mtu akachukua kipande chenye bei.

Mimi mwenyewe niliingia katika kazi hii nikitokea Kariakoo, nilikokuwa fundi simu. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia, niliona simu ambazo jana yake zilikuwa zikipiga na kupokea zikigeuka takataka kwa usiku mmoja. Bodi, vile vibao vya ndani vyenye saketi, zilikuwa nzima, betri zilikuwa nzima, tatizo lilikuwa ni ile namba ya utambulisho iliyokuwa ya bandia, na hapo fundi hana la kufanya. Mama mmoja muuza vitenge alishika simu yake juu ya meza yangu akauliza, "Mwanangu, sasa hii niitupe wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia aniachie, na wengine wakaniachia, na kufikia mwisho wa mwaka ule nilikuwa na viroba viwili vya simu chini ya meza bila kujua hatima yake.

Anayetaka kuielewa kazi yetu nampendekezea aanze na TV ya chogo, ile ya zamani iliyochomoza kwa nyuma. Nyumba nyingi za jijini ziliendelea kuzitumia hata baada ya matangazo ya analojia kuzimwa hapa tarehe 31 Desemba 2012, kwa sababu king'amuzi kiliweza kuunganishwa kwenye TV ileile. Zilianza kutolewa majumbani baadaye, TV bapa ziliposhuka bei, na mpaka leo bado zinakuja. Nikishaondoa mfuniko wa nyuma, huanza na kile kikombe cha mpira kilichobanwa juu ya kioo, kwa kuwa chini yake unaweza kubaki umeme wa maelfu ya volti hata kama TV imekaa bila kuwashwa. Hufunga waya kwenye bisibisi yenye mpini wa plastiki, ncha ya pili ya waya naiunga kwenye ule waya wa kusukwa unaopita nyuma ya kioo, kisha napenyeza bisibisi taratibu chini ya mpira. Mara nyingine husikika mlio mkavu, mara nyingine kimya. Sijawahi kumruhusu kijana mgeni afanye hatua hiyo akiwa peke yake.

Baada ya hapo hufuata furaha ya mnunuzi, yaani koili iliyovaa shingo ya kioo, yenye waya mwekundu uliosukwa kwa ustadi mkubwa. Kuna koili nyingine inayozunguka kioo kwa mbele, na hiyo hatuipimi mpaka tuikwangue kwa kisu, kwa sababu katika TV za miaka ya mwisho waya wake ni alminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Bodi yenyewe ni ya kahawia, ya daraja la chini, na dhahabu ndani yake ni kama haipo. Ukimaliza unakuwa na shaba ya kujaza viganja viwili, vipande vya chuma, plastiki nyeusi, na kioo. Hicho kioo ndicho zaidi ya nusu ya uzito wote, na sehemu yake ya nyuma, ile yenye umbo la faneli pamoja na shingo, imechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi ya eksirei isimfikie mtazamaji. Zamani kioo cha namna hiyo kilirudi kiwandani kutengenezewa TV nyingine za chogo, lakini chogo hazitengenezwi tena, na kioo kimebaki hakina wa kukihitaji. Ndiyo maana kijana wa guta huivunja shingo palepale mtaani, huchukua koili, na kioo hukiacha mtaroni. Sioni haki ya kumtukana. Abebe kilo kadhaa za kioo kutoka Buguruni hadi wapi, na nani amlipe?

Risasi naizungumza kwa uzito kwa sababu nimeishi nayo. Mafundi wengi waya wa kuchomelea bodi huuita "risasi" tu, na ule wa zamani kweli ulikuwa na sehemu karibu 40 za risasi kwa kila 100, nyingine zikiwa bati. Nilikuwa naukata kwa meno. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao ubongo wao bado unakua. Kila ninapoona watoto wakichezea vipande vya chogo kando ya mtaro huwa nashuka kwenye bodaboda na kuviokota.

Moto ni habari nyingine. Alasiri moja nilishuka Bonde la Msimbazi kufuatilia nyaya nilizoahidiwa, nikawakuta vijana watatu wakizichoma hatua chache kutoka kwenye matuta ya mchicha. Plastiki iliyeyuka na kudondoka ikiwaka, moshi mweusi ulilala juu ya majani, na pale shaba ilipoanza kujitokeza ndimi za moto ziligeuka kijani. Nilimuuliza mkubwa wao kwa nini hawamenyi kwa kisu. "Kumenya ni siku nzima, kaka. Moto ni dakika chache." Alisema kweli. Plastiki ya nyaya nyingi ina klorini, na ikiungua pamoja na shaba hutoa dioksini, sumu ambayo haionekani wala haina haraka, hujificha kwenye mafuta ya mnyama na ya binadamu kwa miaka. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa ardhi ya Agbogbloshie, jijini Accra, mahali palipokuwa pakichomwa nyaya kwa miaka mingi, wakakuta dioksini kwa kiwango cha kutisha. Kwetu majivu hayakai; masika yakifika Mto Msimbazi huyabeba, na mto huo unamwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salender.

Tulichofanya ni kidogo lakini kimesaidia. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani alitutengenezea mashine ya mkono ya kumenyea nyaya, yenye wembe na magurudumu mawili, na sasa waya usiochomwa tunaupokea kwa uzito wake na maganda yake. Shaba iliyomenywa inabaki inang'aa, na mnunuzi huipa daraja la juu kuliko iliyoungua, kwa hiyo kijana hapotezi chochote. Nyaya nyembamba za chaja na spika za masikioni ndizo zinazotushinda, maana haziingii kwenye mashine na hakuna mwenye subira ya kuzimenya.

Sasa niseme juu ya dhahabu, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa sana na wasomaji. Ni kweli dhahabu imo. Tani moja ya simu za mkononi inaweza kuwa na gramu 300 hivi, wakati mgodi unaweza kuendeshwa kwa faida kwa mwamba wenye gramu chache tu kwa tani. Kwa medali za Olimpiki ya Tokyo, Wajapani walikusanya tani 78,985 za vifaa vidogo, zikiwemo simu zipatazo milioni 6.21, wakapata kilo 32 za dhahabu, kilo 3,500 za fedha na kilo 2,200 za shaba ya medali. Lakini dhahabu hiyo imetandazwa kama vumbi: utando mwembamba kwenye miguu ya memori za kompyuta, kwenye viguso vya laini ya simu, na nyuzi ndani ya chipu ambazo ni nyembamba kuliko unywele. Nimewahi kukaa na mtu aliyeitafuta kwa asidi uani kwake. Aliloweka vipande vya memori kwenye asidi ya naitriki, moshi wa rangi ya kahawia ukapanda, shaba ikayeyuka, maji yakawa ya kijani yanayoelekea buluu, na vijikaratasi vya dhahabu vikaelea juu. Vilikuwa vizuri sana kutazama. Alivichuja kwa kitambaa, na beseni zima la maji yale akalimwaga kwenye shimo la choo, yakiwa na shaba, fedha, nikeli na risasi ndani yake. Kisima cha jirani kilikuwa nyuma ya ukuta.

Viwanda vinavyoifanya kazi hiyo ipasavyo ni vichache duniani, mojawapo kikiwa kile cha Umicore kilichopo Hoboken, Ubelgiji. Huko bodi huyeyushwa katika tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 1,000, shaba iliyoyeyuka huyavuta madini ya thamani yakaingia ndani yake, kisha shaba hutenganishwa na hubaki masalia yenye dhahabu, fedha na paladiamu. Gesi huchujwa na kupozwa kwa haraka ili dioksini zisijiunde upya. Mtambo wa namna hiyo hauwezi kujengwa uani, na kwa kiasi cha bodi tulicho nacho sioni kama tunauhitaji. Tunachokiweza kuliko wao ni mikono: mashine zao za kusaga hupoteza sehemu ya dhahabu kwenye vumbi la plastiki, wakati kijana wetu mwenye bisibisi huitoa bodi ikiwa nzima, akatenga ya simu, ya kompyuta na ya redio. Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba kazi ya kufungua na kutenga inapaswa kufanyika hapa, ilipwe vizuri, na bodi pekee ndizo zisafiri.

Kusafirisha kunahitaji uvumilivu. Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari kati ya nchi na nchi, unataka ridhaa ya maandishi ya nchi inayotoa, inayopokea na zile ambazo mzigo unapita, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki zimo, hata zisizo na sumu. Nauunga mkono mkataba huo, kwa kuwa ndio unaozuia makontena ya vifaa vilivyokufa kutupiwa Afrika. Hata hivyo kwa mkusanyaji mdogo mwenye tani mbili za bodi, miezi ya kungoja mihuri ni miezi ya kulipa pango la ghala.

Na ghala lenyewe lina hatari zake. Tulipokuwa hatujajifunza, tulitia betri za simu katika kiroba kimoja, zikaguswa na kipande cha waya, na alfajiri mlinzi akatuamsha kwa simu: kiroba kilikuwa kinafoka moshi. Tuliokolewa na lundo la mchanga wa fundi uashi wa jirani. Siku hizi kila betri hubandikwa utepe kwenye ncha zake na hulala katika ndoo ya mchanga mkavu.

Kinachonikera kuliko moto ni minada. Ofisi moja kubwa hapa jijini, ambayo sitaitaja, ilitangaza kuuza kompyuta na mashine zake chakavu kwa mwenye dau la juu. Tulikwenda tukiwa na kibali chetu, kama kanuni za taka za umeme na kielektroniki za mwaka 2021 zinavyotaka, na katika dau letu tulikuwa tumeshakata gharama ya kuhifadhi vioo, betri na taa za skrini zenye zebaki. Tulishindwa na mtu ambaye hakukata chochote, kwa sababu hakukusudia kuhifadhi chochote. Wiki mbili baadaye mmoja wa vijana wetu alizikuta baadhi ya skrini zile kwenye mtaro wa Vingunguti, zikiwa na vibandiko vya mali ya ofisi. Niliwaandikia nikiomba kwamba mnada ujao kila mwenye dau aonyeshe kibali na aeleze kwa maandishi kioo kitakwenda wapi, na pia sehemu ya fedha za mauzo itengwe kwa ajili ya kile kisichonunuliwa. Barua ilipokewa na kugongwa muhuri, majibu bado.

Jumamosi iliyopita alikuja mama kutoka Tabata, akiwa ameipakata chogo ya inchi 21 ndani ya bajaji. Aliuliza nitampa kiasi gani. Nilimweleza shaba iliyomo, nikamweleza na kioo, nikamwambia kwamba nikitoa gharama ya kioo hakuna kinachobaki cha kumpa zaidi ya nauli ya bajaji. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi chukua, baba, wajukuu wasije wakaivunja." Kioo chake tumekiweka katika safu ya nne, kikiwa kizima, chini ya turubai. Kabla ya masika tutazinyanyua safu zote juu ya mbao, maana mwaka jana maji yalifika kizingitini.