Nilivyofanya utafiti wa vishkwambi vya walimu bila kutegemea tiki za dodoso

Nikiwaambia watu masta yangu niliandikia vishkwambi wengi wanacheka kwanza, halafu swali linalofuata ni lile lile, "kwani walimu wanavitumia?" Na ndo swali nililoanza nalo hata mimi. Kwa asiyejua, vile vishkwambi vilinunuliwa kwa ajili ya Sensa ya 23 Agosti 2022, makarani wakazunguka navyo nyumba kwa nyumba, sensa ikaisha tukaambiwa tupo 61,741,120, na serikali ikaamua vifaa viende kwa walimu. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi wakati huo, changu nilipokea nikasaini kwenye daftari kama wenzangu. Sasa nilipoenda kusoma masta ya elimu na ikafika zamu ya kutafuta mada, wenzangu wakawa wanaandika akili bandia sijui madarasa ya mtandaoni, mi nikasema ngoja niangalie hiki kitu ambacho tayari kipo mikononi mwa watu.

Nikachagua shule za vijijini Kondoa, mkoani Dodoma. Sababu ya kitaaluma niliyoandika kwenye andiko ipo na ni ya kweli, vijiji vyenye umeme na visivyo na umeme viko jirani kwa hiyo unaweza kulinganisha. Sababu nyingine tusidanganyane, nina mama mdogo kule, gesti kwa kipindi chote kile ningelipa na nini.

Sapavaiza wangu alitaka namba. "Mahojiano sawa, ila jopo litauliza takwimu ziko wapi," akaniambia. Nikamwelewa, lakini mimi ni mwalimu na dodoso nimezijaza nyingi mno maishani, najua tunavyozijaza. Swali la kwanza unasoma, la pili unasoma, kuanzia la tatu ni tiki kushuka chini kwenye "nakubali sana" ili mgeni aondoke kabla kengele haijalia. Ukimuuliza mwalimu kama anaamini TEHAMA inaboresha ufundishaji atakataaje? Nani anataka kuonekana mshamba mbele ya mtu wa chuo? Kwa hiyo nikakubaliana na Dokta, huyo sapavaiza wangu, kwamba dodoso liwepo ila liwe fupi, na maswali yawe ya vitu vinavyoonekana: kishkwambi kiko wapi sasa hivi, kimechajiwa lini mara ya mwisho, wapi, nani alilipia chaji, bando la mwisho ulinunua kwa hela ya nani. Nikaliweka kwenye KoboCollect, programu ya kukusanyia data kwenye simu, maana ile unajaza bila mtandao, ukirudi sehemu yenye mtandao ndo unatuma. Ilinisaidia sana, karatasi kwenye bodaboda msimu wa mvua ni hasara tupu.

Kibali nacho kina safari yake. Barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, pale unapewa ya kwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri, Mkurugenzi anaandika kwa Afisa Elimu, Afisa Elimu anakuunganisha na Afisa Elimu Kata, na yeye ndo anampigia mwalimu mkuu. Kila meza ina mtu mmoja ambaye leo hayupo. Ushauri wangu hapa ni mdogo tu, tembea na nakala nyingi za kila barua na usigombane na masjala.

Kazi yenyewe inaanza ukishafika shuleni. Mgeni anashuka kwenye bodaboda ana begi, ana barua ya Mkurugenzi, anauliza habari za vishkwambi... wewe ungekuwa mwalimu ungewaza nini? Wanakuona mthibiti ubora au mtu wa halmashauri katumwa kuhakiki nani kapoteza. Shule moja nilifika nikakuta vishkwambi vyote vimepangwa juu ya meza ya mwalimu mkuu vimefutwa vumbi vinang'aa, kumbe simu ilishapigwa asubuhi. Kuanzia hapo nikamuomba yule Afisa Elimu Kata, "Mkuu, naomba unitambulishe tu kwa simu, usiseme nakuja kuangalia nini, sema mwalimu mwenzenu anasoma anahitaji msaada." Akanielewa, na nadhani alishukuru kutopanda bodaboda.

Basi nikawa nafika karibu na saa nne, muda wa chai. Unakaa nao, unakunywa chai na kiazi, unaulizwa unafundisha wapi, madarasa yana watoto wangapi, madaraja yamepanda au bado, na hapo unalalamika kwa dhati kabisa maana na wewe yanakuhusu. Halafu natoa kishkwambi changu mwenyewe, kioo kina ufa pembeni, nawaambia hiki changu mwanangu alikiangusha. Kikao kizima kinalegea! Mmoja anasema afadhali wewe, cha kwangu hakishiki chaji, mwingine cha kwake kipo Dar kwa mdogo wake anasomea chuo. Hilo hutolipata kwenye dodoso hata uandike maswali mia.

Sasa ikaja ishu ya fomu ya ridhaa. Chuo kilitaka mshiriki asaini. Walimu wakigusia tu kalamu wanarudi nyuma, maana walishasaini wakati wa kupokea na wakaambiwa kikipotea utalipa. Mwalimu mmoja mtu mzima karibu kustaafu akaniambia, "Mwanangu, mimi kusaini tena kuhusu hicho kitu hapana, kama ni maneno nitakupa mpaka jioni." Nikampigia Dokta, tukaandika kwa kamati ya maadili kuomba ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, wakakubali. Kama utafiti wako unagusa mali ya serikali iliyo mikononi mwa mtu omba hiyo ruhusa mapema kabla hujaondoka chuoni.

Njia iliyonipa data nzuri kuliko zote ni sentensi moja: naomba unionyeshe. Nikiuliza "unakitumiaje" napewa hotuba. Nikisema "mwalimu nionyeshe kitu cha mwisho ulichofungua" tunaingia kwenye maisha yake. Mimi sikishiki, anafungua mwenyewe, kama hataki anaruka. Walikuwa wanafungua ile sehemu ya betri inayoonyesha programu zipi zimetumika, tunacheka wote: YouTube, katuni za watoto, WhatsApp, halafu kule chini ndo unakuta PDF. Na hizo PDF ndo zikanifundisha. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, kwenye baadhi ya shule nilizopita nakala za vitabu hazikutosha, walimu wakawa wanashusha vitabu kutoka maktaba ya mtandao ya TIE, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania. Ila sio kila mmoja anashusha. Anashusha mmoja mwenye bando akiwa senta siku ya mnada, anatupia kwenye grupu la WhatsApp la kata, wengine wanavuta kutoka pale, na wasio na mtandao kabisa wanarushiwa ofisini kimoja kwenda kingine. Ukimuuliza yule wa mwisho kama anatumia intaneti kufundishia atasema hapana, wakati somo zima analofundisha limetoka intaneti.

Kuhusu umeme nitasema kidogo tu kwa sababu kila mtu anajua. Nguzo za umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, zimefika kijijini, ofisi ya walimu haina wayaringi, mwalimu anapeleka kifaa kuchaji dukani kwa mia tatu au mia tano na muuza duka anakataa kukilaza kwa sababu kikiibiwa ni balaa. Ndo maana vingi vinakaa kabatini. Tafiti nyingi nilizosoma wakati naandika sura ya pili zinaishia kwenye "mtazamo wa walimu kuhusu TEHAMA", mtazamo mtazamo kila ukurasa, hakuna anayeuliza chaji analipa nani. Mi naona huo ni uvivu wa watafiti, samahani kwa watakaokwazika.

Halafu kuna vitu viwili nilivyoviona darasani. Cha kwanza, darasa la sita, somo la Sayansi na Teknolojia, watoto zaidi ya mia wakati uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu ana video ya moyo unavyosukuma damu. Hakuna projekta. Akakinyanyua kishkwambi juu ya kichwa kwa mikono miwili akawa anapita katikati ya madawati pole pole, video inacheza, wa mbele wanaona wa nyuma wanasimama juu ya madawati, video ikaisha kabla hajafika nusu ya darasa, akairudisha akaanza upya. Kipindi kizima kikaisha kwenye kutembea. Kwenye dodoso lake kaandika anatumia video kufundishia, na hajadanganya.

Cha pili kilikuwa darasa la pili, madam mmoja mpole hata kwenye chai alikuwa haongei. Yeye hana bando, hana video. Anachofanya anamuita mtoto mmoja mmoja pembeni anasoma aya kutoka kitabuni, yeye anarekodi sauti, halafu anampa mtoto asikilize sauti yake huku anafuatisha kwa kidole. Mtoto mmoja alisoma "kulala" pale palipoandikwa "kulalia", alipojisikia akasimamisha kidole, akaangalia neno, akamwangalia madam, akarudia mwenyewe bila kuambiwa. Madam hakusema kitu, akabonyeza tena kurekodi. Nikamuuliza nani alimfundisha hiyo mbinu, akasema hakuna, alikuwa anarekodi kwaya ya kanisani kwao na waimbaji wanajirekebisha wakijisikia, akaona mbona hata watoto wataweza. Yule ndo akawa sura nzima ya nne kwenye tasnifu yangu, na sapavaiza aliyetaka namba ndo wa kwanza kuniambia huyu mwalimu usimpunguze hata mstari.

Kitu ambacho sikukiweka kwenye malengo ya utafiti lakini kikajileta chenyewe ni habari ya wanawake na wanaume. Walimu wanaume wengi kishkwambi wanarudi nacho nyumbani na jioni kinatembea nao, kijiweni mechi inaangaliwa. Walimu wanawake walioolewa kadhaa waliniambia, na hawakuniambia mbele ya wengine, kwamba wakikipeleka nyumbani hakiwi tena chao, mume anakishika na watoto wanakimalizia chaji. Kwa hiyo wanakiacha shule kwa hiari, na kikiwa shule hawawezi kusoma usiku moduli za MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, wakati wenzao wa kiume wanasoma. Haya niliyapata kwa sababu nilikuwa nabaki kutembea nao kutoka shule kurudi kijijini, barabarani watu wanaongea. Kinasa sauti kilikuwa kimezimwa, nikifika kwa mama mdogo naandika haraka kwenye daftari, halafu kesho yake namuomba mhusika kama naweza kuyatumia bila jina. Mmoja alikataa na yake sikuyatumia.

Kuchambua data kulikuwa kuchosha tu. Kusikiliza rekodi na kuziandika neno kwa neno ndo kunakula usingizi, usiache zirundikane, andika kila jioni. Namba nikaziweka SPSS, programu ya takwimu, majedwali manne tu, yakatosha. Siku ya kutetea mtahini mmoja akaniuliza kwa nini sikupima matokeo ya wanafunzi, nikamjibu swali langu halikuwa kama kishkwambi kinafaulisha, lilikuwa kinaishije mikononi mwa mwalimu, na huwezi kupima kifaulishe nini kikiwa kabatini. Walinipa marekebisho madogo.

Baada ya hapo nikaandika kurasa mbili za Kiswahili nikarudi nazo kwenye kikao cha walimu cha kata, maana wale watu tasnifu ya Kiingereza yenye kurasa zaidi ya mia hawataisoma na hawana sababu ya kuisoma. Walibishana sana. Mbinu ya kurekodi watoto wakisoma ilipendwa, kuna wawili waliijaribu pale pale ofisini wakicheka sauti zao. Lakini muda mwingi ulienda kwenye hoja ya yule mwalimu anayekaribia kustaafu, kwamba kifaa kikifa chenyewe kwa uzee, sio kwa uzembe, nani analipa, na kama ni mwalimu basi yeye chake ataendelea kukifungia. Afisa Elimu Kata akasema atalipeleka halmashauri kwa maandishi. Nikampa na ukurasa wa mapendekezo wenye hoja hiyo ili aiambatanishe, akaukunja akautia kwenye faili lake.