Kilima Kipara

Desemba 2008 nilirudi Masasi kwa likizo nikiwa na daftari jipya na nia moja: kuandika ukoo wetu mpaka pale kumbukumbu za wazee zinapokomea. Nilianza na shangazi, maana hakuna harusi wala msiba asioukumbuka. Akanitajia wajomba, binamu, wale wa Newala na wale wa Lindi, akanitolea na picha. Nilipomuuliza babu yake bibi alitokea wapi, aliinuka kwenda kutazama sufuria.

"Sisi ni watu wa hapahapa," alisema akiwa jikoni. "Hayo mengine achana nayo."

Nikaachana nayo siku tatu.

Siku ya nne nilimkuta bibi nyuma ya nyumba akibangua korosho. Alikuwa ameshazikaanga kwenye bati lililotobolewa matundu, na moshi wake ulikuwa bado unawasha macho. Sasa alizigonga kwa jiwe, moja moja, punje kwenye ungo, ganda pembeni. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ngozi imebabuka kwa mafuta ya maganda. Nikaokota jiwe nami, nikakaa. Tuligonga kwa muda mrefu bila neno.

"Umemuuliza shangazi yako habari za babu yangu," alisema bila kuinua macho. "Babu yangu hakuzaliwa hapa. Aliletwa."

Hakusema mtumwa. Alisema mateka, na hadi anafariki sikuwahi kumsikia akitumia neno jingine.

Alipokuwa binti mdogo, yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea mzee huyo uji asubuhi, na ndiye aliyesimuliwa. Babu alikamatwa akiwa mtoto, pamoja na mama yake, huko upande wa Nyasa, wakaswagwa kwa miguu kuelekea Kilwa. Mama hakufika pwani. Mtoto akapakiwa jahazini, lakini biashara hiyo ilishapigwa marufuku baharini kwa mkataba wa 1873, na jahazi likakamatwa na manowari ya Waingereza. Akashushwa Unguja, akalelewa Mbweni, kwenye shamba ambalo wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walilinunua 1871 na kuwaweka watu kama yeye.

Mwishoni mwa 1876 Askofu Edward Steere alichukua kundi la watu waliokombolewa, akapita nao Lindi, nia ikiwa kuwarudisha makwao karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi hawakuendelea tena.

"Unajua kwa nini babu alikubali kubaki?" Bibi akaelekeza jiwe lake upande wa Mtandi. Anayeijua Masasi anajua vilima vyake: mwamba mtupu unachomoza kutoka kwenye tambarare kama kichwa cha mzee. "Mama yake alimwambia njiani asisahau, kwao kuna kilima kipara. Alipoviona hivi akalia, akasema nimefika."

Akagonga korosho mbili tatu.

"Kumbe siyo. Cha kwao ni cha majani, hakina miti. Hiki ni jiwe. Alipokuja kulijua hilo alikuwa ameshajenga."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Padri Yohanna Abdallah, Myao mwenyewe, katika historia ya watu wake aliyoiandika kwa Kiyao na kuchapishwa 1919, anaeleza kuwa jina la Wayao limetokana na kilima cha majani kisicho na miti, mashariki ya Ziwa Nyasa, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Kwa hiyo kilima kile ni cha Wayao wote. Huenda babu hakuwahi kukiona kwa macho yake, na hata mama yake alikipokea kwa kusimuliwa. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Mama aliyefungwa kamba alichagua jambo moja la kumwachia mwanawe, akamwachia hilo.

Babu hakupata hata kutulia vizuri. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia misheni na kuteka watu, naye akakimbilia Newala na wenzake. Alirudi baadaye, akaoa. Hapo ndipo lilipomuuma. Kwa Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama, na wazee wa upande wa mke walimuuliza ukoo wake. Hakuwa na jibu. Jina la mama yake hakulijua, alimwita mama tu, kama mtoto yeyote.

"Waliomcheka walikuwepo," bibi alisema. "Wajukuu wao tunasali nao Jumapili."

Nikamwelewa shangazi.

Nilifungua daftari nikaandika jina la babu, nikachora mstari kwenda juu, nikaishia hapo. Bibi hakujua kusoma, lakini alitazama ukurasa kwa makini.

"Hapo juu ni nani?"

"Mama yake. Sina jina."

Alijifuta mikono kwa khanga. "Usipaache wazi, itakuwa kama hakuwepo. Andika Mama."

Nikaandika. Vidole vyangu navyo vilikuwa na mafuta ya korosho, vikaacha doa jeusi pembeni ya neno hilo. Daftari ninalo hadi leo, na doa halijafifia.