Alfajiri perege walipopiga miayo

Ilikuwa siku ya nne ya mawingu, katikati ya masika, bwawani kwetu chini ya milima ya Uluguru. Mzee mmoja jirani alinigongea saa kumi na moja alfajiri. "Samaki wako wanapiga miayo, mwanangu."

Bwawa lina mita 20 kwa 15, na perege walikuwa 600 hivi. Tochi iliwakuta wote juu, midomo wazi. Kambare wachache waliojipenyeza kutoka mferejini hawakuwa na habari, kwa kuwa kambare huvuta hewa yenyewe. Perege waliokuwa wameshaelea walikuwa wale wakubwa. Oksijeni ikipungua wakubwa ndio hutangulia. Sumu kwa kawaida huanza na wadogo.

Kosa lilikuwa langu. Siku sita nyuma nilimwaga ndoo 4 za samadi ya kuku kwenye maji ambayo tayari yalikuwa ya kijani kizito. Nikitumbukiza mkono, vidole vilipotea kabla maji hayajafika nusu ya kigasha. Maji mazuri huficha vidole yakikaribia kiwiko, kama sentimita 30. Yakificha mapema hivyo, samadi haiingii.

Ule ukijani ni vijimea vidogo mno vinavyorutubishwa na samadi. Mchana, penye jua, vinatengeneza oksijeni, na saa tisa alasiri bwawa huwa limeshiba. Usiku vinaivuta, pamoja na samaki na bakteria wanaoozesha samadi, hadi karibu na mapambazuko, ambapo hubaki kidogo kuliko saa yoyote. Siku ya mawingu mapato ni haba lakini matumizi ya usiku hayapungui, na deni la siku nne lilinidai alfajiri ile. Isitoshe, usiku ilinyesha mvua ya baridi. Maji baridi huzama na kupandisha yale ya chini, yasiyo na oksijeni.

Tulifungulia mfereji, maji yakawa yanaangukia juu ya mawe ili yapasuke na kubeba hewa. Bomba letu la kutolea hunyonya sakafuni, na kiwiko chake, yaani sehemu iliyopinda, kiko nje ya tuta. Tulikilaza nusu, yakatoka maji meusi yenye harufu ya yai viza. Vijana wawili waliyapiga maji kwa mabeseni. Mtu mmoja alitaka tuwamwagie pumba, akidhani ni njaa. Nilimzuia: samaki akisaga chakula hutumia oksijeni zaidi, na pumba isiyoliwa huoza.

Jua lilipenya mawingu saa tatu na perege wakarudi chini. Tuliokota 43.

Siku ya pili nusura nijidanganye. Maji yaligeuka kahawia, nikaona yamesafika, kumbe vijimea vilikuwa vimekufa kwa wingi, na mizoga yake nayo hula oksijeni ikioza. Tulibadilisha theluthi ya maji, tukakaa siku tatu bila chakula wala samadi. Mawingu yalipofumuka, ukijani ulirudi taratibu.

Juni na Julai, kwenye baridi, vijimea vilikua polepole na perege wakala kidogo, nikatia samadi nusu. Kufikia Oktoba joto liliyafanya maji yawe mazito ndani ya siku chache tu. Wakati huo nilikuwa na fimbo yenye sahani nyeupe chini, imechorwa alama kila sentimita 10, na nilipima saa ile ile kila siku sahani inapotelea kina gani.