Nani anazungusha leo?

Kwa miaka sita kinanda cha santuri cha babu kilikaa juu ya kabati langu hapa Isevya, Tabora, kimefunikwa kanga, na mimi nikiamini ndiyo kukitunza. Usiku nilikishusha, nikapiga sahani moja peke yangu kwa sauti ya kuibia, nikakifuta vumbi na kukirudisha.

Babu alikuwa mtu wa reli. Aliniachia HMV 102, sanduku jeusi la kubeba mkononi kama begi la safari, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931. Hakina waya wala betri. Unachomeka hendeli, unazungusha mpaka kamani, ile springi ya ndani, ikaze, basi.

Jumamosi moja mwaka juzi umeme ulikatika saa moja jioni. Watoto wa jirani walikuwa katikati ya katuni yao, na mdogo wao akaanza kulia. Nikatoka na kinanda barazani, nikakitua mkekani, nikakifungua. Mvulana wa miaka minane akainama kukikagua pande zote. "Mjomba, spika iko wapi?"

Nikamwonyesha. Sindano inapita kwenye mfereji wa sahani. Mfereji wenyewe una mawimbi, kwa hiyo sindano inatikisika na kukitikisa kibati chembamba kilicho kichwani mwa mkono. Ile sauti ndogo inapita kwenye pembe iliyokunjwa ndani ya sanduku, inatoka imekua. Akasogeza sikio karibu mpaka nikamshika bega asije akaigusa sahani.

"Kwa hiyo ni chuma tu kinaimba?"

Ni chuma tu. Nilikuwa nimekisikiliza kinanda hiki tangu utoto wangu, na sikuwahi kukiwaza hivyo.

Tangu siku hiyo ni kila Jumamosi, umeme uwepo usiwepo. Nimegundua jambo ambalo nyumbani peke yangu nisingeligundua: kinanda hiki kinataka watu. Sahani ya inchi 10 inakwenda mizunguko 78 kwa dakika, na upande mmoja unaisha kwa dakika tatu hivi. Ukiwa peke yako hujakaa sawasawa, umeshainuka. Mkiwa kumi, kila dakika tatu mtu anapata kazi. Huyu anazungusha, huyu anashika tochi, huyu anachagua. Sindano ya chuma hupiga upande mmoja tu kisha inatolewa, maana ncha ikilika inaukwangua mfereji. Mabinti wawili wa nyumba ya nyuma wamejitwalia kazi hiyo. Zilizotumika wanazitia kwenye kopo la maziwa na kuzihesabu, na mtu mzima akitaka kurudia sindano ya zamani wanamkatalia mbele za watu.

Mrina asali mmoja, mzee anayeleta madumu yake mjini kutoka upande wa Sikonge, alipita akasimama, akaomba kuishika sahani. Akaipima kwa kidole, akauliza imetengenezwa kwa nini. Nikamwambia kuna mdudu mdogo huko India, anakaa kwenye matawi ya miti na kutoa ute unaoganda. Ute huo ndio unaoyeyushwa na kuchanganywa na unga wa mawe. Ndiyo maana sahani hizi zikianguka zinavunjika kama za udongo. Mzee akairudisha kwa mikono miwili. "Kumbe na huyu anarinwa," akasema, akavuta dumu lake akalikalia.

Kuna usiku nilimkatalia mgeni, na iliniuma. Alileta santuri ya Tabora Jazz, bendi yetu wenyewe, akitaka tuisikie. Lakini ile ni ya plastiki, ya mizunguko 45, na sindano nzito ya kinanda hiki ingeichimba mara moja. Nilimweleza taratibu, nikaifunga tena kwenye gazeti lake. Akakaa nasi mpaka mwisho.

Na kuna Bibi wa nyumba ya kona. Amepita miaka themanini, na baada ya Magharibi alikuwa hatoki tena. Mwezi uliopita alitumwa mjukuu wake kwanza na kigoda, kisha yeye akafuata na mkongojo. Nikamwamkia, nikampisha karibu na kinanda. Nikatoa sahani ninayoiogopa kuliko zote, ya Siti binti Saad, yule wa Unguja aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay. Ina ufa, kwa hiyo inagonga kila inapozunguka, tak, tak, tak, na sauti ya Siti iko nyuma ya mgongano huo kama mtu anayeimba chumba cha pili.

Bibi alianza kuimba kabla ya sahani. Kila mstari alitangulia kidogo, akawa kama anamwitia Siti, na Siti anaitikia. Tulinyamaza sote. Wimbo ulipoisha akasema, "Huu mama yangu alikuwa anauimba akipepeta mchele. Miaka yote nilijua ni wimbo wa mama yangu."

Akaomba irudiwe. Mabinti wakaweka sindano mpya. Katikati kamani ikaanza kulegea, sauti ikazama, ikawa nzito kama ya mwanamume, na yule mvulana akarukia hendeli.

"Zungusha, mjukuu wangu," Bibi akamwambia, "usimwache Siti asinzie."

Usiku ule kopo la maziwa lilipokea sindano tano za wimbo mmoja.