Nilivyohama kazi yangu ya kwanza ya uuguzi, na usaili nilioharibu kwa kulia

Wa kwanza kuniambia "vumilia mwaka mmoja kwanza" alikuwa mwalimu wangu wa mafunzo ya vitendo. Wa pili alikuwa mama. Wa tatu ni muuguzi mwenzangu aliyekuwa amevumilia miaka tisa, na huyo ndiye aliyenitisha, maana nilimtazama usoni wakati anasema. Mimi nilivumilia miezi saba. Ningekuwa na akili ya leo ingekuwa minne.

Ilikuwa wodi ya magonjwa ya ndani, usiku, wauguzi wawili kwa wagonjwa 34. Watu wakisikia hivyo wanadhani nilikimbia kazi nyingi. Hapana. Kazi nyingi inachosha miguu tu. Kilichonimaliza ni kwamba pale huulizi. Sista mkuu wa wodi alikuwa na jibu moja kwa kila swali: "Chuoni walikufundisha nini?" Ukirudia kuuliza, asubuhi zamu inayoingia inakucheka kabla hujakabidhi ripoti. Basi nikajifunza kunyamaza, na muuguzi mgeni anayenyamaza ni wa kuogopwa.

Usiku mmoja nilisimama na insulini mkononi mbele ya mgonjwa asiye na kisukari. Vitanda vimefuatana, majina ya kwanza yamefanana. Kilichotuokoa ni kwamba nilimwita kwa majina yote mawili na yeye akanisahihisha la pili. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi: nilikuwa nimeyakariri hayo kama sala, na lile la kwanza kabisa ndilo lililokuwa linaniponyoka. Nikajaza fomu ya tukio, kama inavyotakiwa hata pale ambapo kosa halijamfikia mgonjwa. Asubuhi nikaitwa nieleze kwa nini ninachafua jina la wodi wakati hakuna kilichotokea. Nilitoka mle ofisini nikiwa nimeshaondoka, ingawa mwili ulibaki miezi mitatu zaidi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kijinga. Niliandika barua ya kuomba kuhamishiwa wodi nyingine humohumo, kurasa mbili, kwa heshima zote, nikaipitisha kwa sista mkuu kwa sababu utaratibu ndivyo unavyosema. Kesho yake, wakati wa kukabidhiana zamu, akasema mbele ya wote, "Kuna mwenzetu hapa tumemchosha." Hakunitaja. Hakuhitaji, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naangalia viatu vyangu. Ratiba iliyofuata nikapewa usiku saba mfululizo.

La pili ndilo ninalocheka nalo hadi leo. Niliitwa usaili hospitali nyingine, nikaenda moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, maana nilishaambiwa kwamba mtu anayeomba ruhusa anajulikana anatafuta kazi. Nilibadilisha nguo chooni. Mbele yangu watu watatu. Swali la kwanza, jepesi kabisa: "Kwa nini unataka kuondoka ulipo?" Nikafungua mdomo niseme ile sentensi ya kukua kitaaluma. Ikatoka insulini. Ikafuata fomu, barua, usiku saba, na mzee mmoja wa kitanda cha dirishani aliyefariki nikiwa kitanda kingine. Kisha nikalia, na sikulia kwa adabu. Mama mmoja katika wale watatu akanisogezea karatasi laini, mwingine akaanza kupanga kalamu zake. Nilipomaliza wakaniuliza kama nina swali. Nikasema, "Choo kiko wapi?" wakati nilikuwa nimetoka hukohuko.

Sikuitwa tena, na walikuwa na haki. Walichokisikia ni maumivu tu, hawakupata kitu cha kupima kama naweza kazi.

Kwa hiyo nikanunua daftari dogo la mfukoni. Kila zamu mistari minne: wagonjwa wangapi, wauguzi wangapi, dozi ngapi zilichelewa zaidi ya saa moja, nimepumzika dakika ngapi. Jina la mgonjwa halimo hata moja. Daftari likidondoka barabarani lisimuumbue mtu. Baada ya wiki sita nilikuwa na kitu cha kusema bila kulia. Kipindi hichohicho, miguu ikiwa kwenye beseni, nikasoma utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa mwaka 2002, uliofanyika hospitali 168 za Pennsylvania: kila mgonjwa anayeongezeka kwa muuguzi mmoja aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Nilimsomea yule wa miaka tisa. Akasema, "Hao ni Wamarekani." Sikubishana.

Usaili uliofuata nililala kwanza. Waliponiuliza kwa nini naondoka nikajibu: "Usiku nina wagonjwa 17, na dozi zinachelewa kila zamu. Nataka mahali ambapo naweza kumaliza raundi ya dawa kwa wakati na kuuliza ninapokwama." Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikuwa kugumu. Wakauliza, "Miezi saba tu?" Nikasema ndiyo, miezi saba. Na wale wanaosema miezi michache inaharibu wasifu, hapo paliishia. Hakuna aliyerudi kwenye jambo hilo.

Lakini ujanja ninaojivunia niliufanya kabla ya usaili. Nilienda pale mara mbili nikakaa kwenye benchi la nje, pale wageni wanaposubiri muda wa kuona wagonjwa, wakati zamu zinabadilishana. Nilikuwa nahesabu wauguzi wa usiku wanaotoka. Nilikotoka, zamu ikiisha saa moja asubuhi, saa mbili bado upo unaandika chati. Pale, nusu saa baada ya zamu kuisha, walikuwa wameshatoka karibu wote, na wawili walikuwa wanacheka. Mara ya pili mlinzi akaniuliza namsubiri nani. Nikasema dada yangu. Akaniuliza wodi gani. Nikaondoka.

Kwenye usaili nikauliza, "Muuguzi wa mwisho kuondoka wodi hii aliondoka kwa sababu gani?" Sista mkuu wa pale akafikiri, akasema, "Aliolewa mbali. Wa kabla yake alichoka, na tulichelewa kuona." Jibu hilo la pili ndilo lililonichukua, kuliko mshahara, ambao kusema kweli ulizidi kidogo sana, na nauli za kuhangaika zilikuwa zimeshaula.

Barua ya kuacha kazi niliandika sentensi tatu, baada ya mkataba mpya kusainiwa, sio baada ya kuahidiwa kwa mdomo. Sifa zangu nilimwomba daktari wa wodi aziandike. Notisi niliimaliza yote, na zamu ya mwisho hakuna aliyeniaga isipokuwa yule wa miaka tisa, aliyenivuta pembeni akaniuliza kama kule wanaajiri bado.

Wiki ya tatu kazini nikaweka dripu kwa kasi ambayo siyo. Mgonjwa hakudhurika, tuliigundua mapema. Nikajaza fomu huku mkono unatetemeka, nikaenda kwa sista mkuu na utetezi wa kurasa mbili. Akavuta kiti, akasema, "Kaa. Hebu niambie ilikuwaje, tuone nini tubadilishe." Zile kurasa sikuzitoa mfukoni. Bado nimezichomeka kwenye lile daftari.